Mkata Ukoko na Mzee Khelef

Shemeji yangu Abdulbasit alikuwa mtu wa kulala popote alipowekwa. Nimemwona akisinzia kwenye foleni ya benki, na nimemwona akisinzia msikitini katika tahiyatu mpaka jirani yake akamgusa goti. Dada yangu Mahfudha, mkewe, alishazoea kumtoa kijiko mkononi na kumfuta mchuzi kidevuni. Watu wa hapa Stafford, kando ya Houston, wasiomjua walidhani ana maradhi. Hakuwa na maradhi, alikuwa na kazi.

Hiyo kazi sina budi kuieleza, maana ndiyo iliyomla. Mimi Azizi ni dereva wa teksi tu, mambo ya kemia siyajui, nayasema kama alivyonieleza mwenyewe. Mafuta mepesi ya dunia hii waliotutangulia wameyafaidi. Yaliyobaki mengi ni mazito: ya Venezuela, ya Mexico, na yale ya Canada ambayo hata kuyaita mafuta ni heshima tu. Yale ni lami iliyojichanganya na mchanga. Huchimbwa, huoshwa, halafu huzimuliwa kwa mafuta mepesi ili yakubali kupita kwenye bomba. Kwa kuwa ni mabaya, bei yake ni ndogo. Na kwa kuwa bei yake ni ndogo, viwanda vya Houston miaka ile vilikuwa mbioni kujenga mitambo ya kuyameza.

Kiwanda cha shemeji, kule Pasadena, kilijijengea dramu mbili mpya, mapipa ya chuma marefu kuliko mnara wowote wa msikiti niliouacha Mombasa. Lami hupitishwa kwenye tanuri, ikapikwa mpaka itoe kila chepesi kilichomo, petroli na dizeli, na masazo yake yakagandia ndani ya dramu, meusi, magumu. Kwetu, kinachoganda chini ya sufuria ya wali twakiita ukoko, na watoto hupigana kwa ajili yake. Ukoko wa Pasadena haupiganiwi na mtu. Dramu moja ikijaa, lami hugeuziwa dramu ya pili, na ile ya kwanza hupigwa mvuke, ikamwagiwa maji mpaka ipoe, ikafunguliwa juu na chini. Hapo ndipo anapopanda mkataji. Husimama juu kabisa, akashusha bomba linalotoa maji kwa nguvu za kumpasua mtu, akaukata ule ukoko mpaka uanguke wote shimoni. Anapomaliza kufunga, ile dramu ya pili nayo imeshajaa.

"Ni kama kumpikia mtu asiyeshiba," aliniambia siku moja. "Waosha sufuria, wageuka, keshaleta sahani."

Yeye ndiye aliyekuwa mkataji. Ujanani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mafuta cha Changamwe, na alipokuja Marekani miaka ya tisini alidhani ujuzi ule utampa kiti mbele ya mitambo, ndani ya chumba cha baridi. Walimpa mpira wa maji na buti. Alipanda cheo kidogo kidogo mpaka akafika juu ya dramu, na juu ya dramu hakuna pa kupanda tena. Kazi mbaya si mchezo mwema, alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba mchezo mwema angalau mtu huuacha akichoka.

Aliyempeleka Pasadena mara ya kwanza ni Mzee Khelef. Huyu alikuwa mtu wa Pemba, baharia wa zamani, aliyeshuka melini hapa Houston miaka ya sabini na hakupanda tena. Alitumia maisha yake kwenye yadi moja kando ya mfereji wa meli, akipakia ukoko kwenye matishari. Hakuwa na mke wala mtoto. Uzeeni alipanga chumba cha chini katika nyumba ya Mahfudha na Abdulbasit, na dada yangu hakupakua chakula bila kwanza kumtengea yeye. Mzee alikula, akashukuru, kisha akasema chumvi imepungua. Agosti ya Houston, wakati sisi wengine tungependa kuvua hata ngozi, yeye alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo na soksi ndani ya ndara. Sisi tulisema ni haya za Kipemba, tukamtania.

Kila Abdulbasit alipotoka kazini na kuja kumwamkia, Mzee aliishika mikono yake, akaigeuza huku na huku, akamwambia, "Nenda kasugue tena." Shemeji, mtu mzima mwenye ndevu, alirudi bombani kama mtoto.

Siku moja ya Idi, tumeshiba pilau na tunapunga upepo barazani, Mzee Khelef alisema bila utangulizi, "Abdulbasit, mie nikifa utaniosha wewe."

"Allah akupe umri, Mzee. Lakini msikitini wapo waosha maiti, wajua kuliko mimi."

"Wanajua, tena watu wema. Lakini watashangaa. Mie nataka mtu ambaye hatashangaa."

Shemeji hakuuliza washangae nini. Alimpa mkono, akasema inshallah atamwosha, na sote tuliokuwepo tulikuwa mashahidi. Mimi nikaleta mzaha. "Na mimi je, Mzee, sifai?"

"Wewe kuku akichinjwa wafumba macho," akasema, na dada yangu akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa kweli. Hata alipooshwa baba yetu nilisimama nje ya mlango nimeshika ndoo.

Mwaka wa 2007 kiwanda kilianza kuletewa lami ya Canada, shehena za kujaribia. Wakubwa walifurahi, maana walinunua kwa bei ya takataka na kuuza petroli kwa bei ya petroli. Aliyekuwa juu ya dramu hakuona cha kufurahia. Lami ile iliacha ukoko mwingi kuliko mafuta mengine, kwa hiyo dramu zilijaa upesi. Tena haukuganda kama jabali la kukatika vizuri. Ulitoka kama gololi, maelfu na maelfu yaliyojazana, na kati yake maji ya moto hujificha. Mtu hudhani dramu imepoa, akifungua humtemea. Wawili waliozoea waliacha kazi, mmoja akaenda kuendesha lori. Katika zamu zile walibaki wakataji wawili wa kutumainiwa, Abdulbasit na Émile.

Émile ni Mkongomani wa Bukavu, Mkristo, mtu wa kwaya, na yeye pia alikaa Stafford. Walikuwa marafiki ambao hawakuonana. Mmoja akiwa kazini, mwingine yuko kitandani; walikutana dakika za kupokezana tu. Kanuni ya juu ya dramu ilikuwa kwamba mkataji haondoki mpaka anayempokea asimame mbele yake, amwonyeshe kwa kidole wapi pana joto, wapi pameziba. Huachi karatasi, wala hutumi mtu.

Sasa nije kwenye Ijumaa ninayotaka kuisimulia. Mzee Khelef alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya moyo, na alifariki baada tu ya alfajiri. Mahfudha alinipigia simu akilia. Mumewe alikuwa ameshakwenda kazini, na simu haziruhusiwi ndani ya kiwanda kwa sababu ya cheche, huachwa langoni. Nilimpigia imamu. Alinipa pole, akasema ataoshwa baada ya sala ya Ijumaa na kuzikwa baada ya alasiri, maana wenye makaburi hawakubali kuchelewa.

"Yuko mtu aliyeahidi kumwosha," nikamwambia. "Ni wasia wa marehemu."

"Akiwahi, ahsante Mungu. Asipowahi tutamwosha sisi. Maiti hacheleweshwi kwa ajili ya mtu."

Ahadi ni deni, na hili halikuwa langu. Hata hivyo niliwasha gari nikaenda Pasadena, nikimlaani kila aliyekuwa mbele yangu barabarani.

Mlinzi wa langoni alipiga simu ndani. Baada ya kitambo Abdulbasit akaja hadi kwenye uzio, uso mweusi isipokuwa pale penye miwani. Aliponiona alijua. Nikamwambia. Akasema inna lillahi, kisha akaketi juu ya ukingo wa saruji.

"Twende," nikamwambia.

"Dramu yangu imejaa, Azizi. Ndiyo kwanza yapoa. Siwezi kuiacha."

Msimamizi wake alimfuata nyuma, Mtexas mwenye sharubu, macho mekundu kama ya shemeji. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia ngumu, akatoa pole, akauliza kwa Kiingereza, "Aliyefariki ni baba yako?" Ruhusa ya msiba hutolewa kwa mzazi, mke au mtoto.

Nikamwambia shemeji kwa Kiswahili, "Sema ndiyo. Nani atajua?"

"Siendi kumwosha mtu na uongo mdomoni," akasema. Akamgeukia msimamizi. "He's my neighbor, sir. I made him a promise."

Nilitamani kumzaba kofi. Msimamizi alitazama chini. Akaeleza kwamba hata akitaka kumruhusu, hana mkataji mwingine. Dramu ya pili inajaa, na hii isipokatwa kwa wakati wake itabidi mtambo mzima upunguzwe moto, na hilo haliamuliwi na yeye. Alisema mara mbili kwamba anasikitika. Nilimsadiki, na bado nilimchukia.

"Kuna Émile," nikasema.

"Émile ametoka kazini asubuhi hii," akasema Abdulbasit. "Amekesha wiki nzima. Muache alale."

Sikumsikiliza. Nilisogea kando ya lango nikapiga simu. Akapokea Clothilde, mkewe, kwa sauti ya chini ya mtu anayemlindia mwenzake usingizi.

"Analala, ndugu Azizi. Kuko shida gani?"

Nikamweleza yote, kwamba Mzee amekufa, kwamba shemeji aliapa kumwosha, kwamba kwetu maziko ni leo leo. Nilisikia feni ikizunguka nyumbani kwao. Kisha akasema, "Ule Muzee wa chini kwa Mahfudha? Alipatia batoto bangu halua mingi ile mwaka tulifika." Akaenda kumwamsha.

Émile alifika shati amelivaa ndani nje. Hakuwa na alama ya usingizi usoni, alikuwa na alama ya mto. Msimamizi alimtazama, akafungua lango.

"Émile, samahani," akasema shemeji. "Hukulala."

"Wende, yaya. Muzee hawezi kukungojea. Hii marmite yetu iko, haiendi fasi yoyote." Kwao yaya ni kaka, na marmite ni sufuria.

Lakini kanuni ni kanuni. Ilibidi wapande wote wawili juu, Abdulbasit amwonyeshe kwa kidole wapi gololi zimefunga maji. Mimi nilibaki langoni na hasira zangu. Adhuhuri ikapita, sala ya Ijumaa ikatupita sote wawili. Niliitazama ile milima ya ukoko nje ya uzio, ikingoja matishari, nikafikiri juu ya Mzee Khelef na koleo lake miaka yote ile. Sikujua hata alikuwa akipakia wapi hasa. Sikuwahi kumuuliza.

Shemeji alitoka bila kuoga. Aliingia garini, akafunga mkanda, akasema, "Haya, twende upesi." Kabla hatujafika barabara kuu alikuwa amelala, kinywa wazi, kichwa kikigonga kioo. Njia nzima alilala. Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu ule ukweli wake wa langoni. Nikaendesha nikayameza.

Tulipofika msikitini, watu wawili wa kujitolea walikuwa wameshamlaza Mzee juu ya meza na kumfunika shuka, maji tayari. Abdulbasit aliwasalimia, akaomba radhi, akaeleza wasia. Wakampisha. Alikwenda bombani, akajisugua kwa sabuni kwa muda mrefu, viganja, kucha, uso. Nilijua alikuwa akimsikia Mzee: nenda kasugue tena. Mmoja wa wale wawili ilibidi arudi kazini kwake. Shemeji akanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mahali pangu pa siku zote.

"Shemeji, ingia. Wewe mimina maji."

Nikaingia. Nikalishika jagi kwa mikono miwili kama mtoto, na hakuna aliyenicheka.

Mahfudha alikuwa ameleta majani ya mkunazi na karafuu maiti. Abdulbasit alivaa glavu, akaanza kwa bismillahi, upande wa kulia, taratibu, chini ya ile shuka, akimwita jina kama alivyokuwa akimwamkia barazani. Sijapata kumwona akifanya jambo bila kusinzia kwa muda mrefu namna ile. Mwosha hasemi alichokiona, na mimi sitasema. Nitasema mikono tu, kwa sababu mikono ile sote tuliishika tukiamkiana, ila hakuna aliyeitazama. Vifundo vya vidole vya Mzee na migongo ya viganja vyake vilikuwa vimejaa vitone vyeusi. Kila alipojikata kazini, vumbi la ukoko liliingia, na ngozi ikafunga juu yake. Mengine yaliyofunikwa na yabaki yalipofunikwa.

Abdulbasit alisugua vile vitone kwa pamba. Akachukua pamba nyingine, akasugua tena. Nikamimina. Akasugua. Maji yalitoka safi kama yalivyoingia, na vitone viko palepale. Anajua dini kuliko mimi, anajua kwamba kilichomo ndani ya ngozi si uchafu wa kuzuia maji na kwamba hakidaiwi kwa maiti. Hata hivyo hakuacha. Yule mtu wa kujitolea akamwambia polepole kwamba inatosha. Hakusikia. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na nikaona analia, kilio cha mtu aliyechoka mpaka hana nguvu za kukizuia.

Niliweka chini jagi, nikamshika kifundo cha mkono. "Shemeji, yamo ndani. Hayatoki. Basi."

"Bado," akasema.

"Basi, Abdulbasit. Ametakata."

Akaacha. Akavuta pumzi, akamalizia kwa maji ya karafuu maiti, tukamkausha, tukamvika sanda. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya ile Idi. Mzee hakuwa na haya za Kipemba. Alikuwa amechoka kutazamwa, na hakutaka siku yake ya mwisho awe kioja mbele ya watu wasiojua vitu vile vimetoka wapi. Niliona uchungu kwamba tulimtania kwa soksi zake.

Tulimswalia baada ya alasiri, tukamzika. Abdulbasit alishuka kaburini kumpokea. Watu walipoanza kutawanyika alikataa kuondoka mpaka nimpigie simu Émile. Tulipiga mara kadhaa bila majibu, na kila mara rangi ya uso wake ilizidi kumpotea. Mwishowe simu ilipokewa, Émile ameshatoka ndani.

"Ilitoka yote, yaya. Ilinitemea kidogo, lakini nilikuwa mbali. Muzee mulimuzika muzuri?"

"Tumemzika. Mungu akulipe. Kalale."

"Na wewe kalale," akasema Émile, ila sote tulijua kwamba kesho asubuhi dramu itakuwa imejaa.

Tukaingia garini. Sikuwasha. Joto lilikuwa kali bado, na shemeji akakunja mikono ya shati, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi; sikuwa nimeliona hilo mpaka wakati ule. Juu ya kifundo, kuelekea kiwiko, palikuwa na vitone vyeusi, vichache, vimetawanyika kama mbegu za ufuta. Alivitazama pamoja nami.

"Mahfudha adhani ni vipele vya joto," akasema. "Mwosha huoshwa, Azizi. Na mimi ataniosha nani?"

"Mimi."

"Wewe waogopa."

"Naogopa. Nitakuosha."

Akanipa mkono, nikaushika, nikautazama safari hii. Akaegemeza kichwa kwenye kioo. "Basi usishangae," akasema.

Nikamwambia sitashangaa, lakini alikuwa ameshalala.